Mwaka Hakimu Alipokula Kwetu

Andika kwanza kwamba mimi ni Mwajuma, binti wa Kassimu bin Hamisi, mzaliwa wa Ujiji, na wa Zainabu, aliyezaliwa milimani Kalinzi na kushuka ziwani akiwa mwari. Mimi nilizaliwa Kitongoni, katika nyumba ambayo sasa ni duka la mabati. Hayo yatosha kuhusu ukoo. Wengine utawauliza mama zako wadogo, wanaopenda kuhesabu mababu. Shule sikwenda. Kwa hiyo nitasema polepole, nawe Rehema utaandika kama nilivyosema, bila kunipambia. Nikinyamaza, nawe nyamaza. Usijaze kimya changu kwa maneno yako.

Juma lililopita ulinisindikiza Katubuka kumzika mzee mmoja Mkristo, na njiani kurudi ukaniuliza kwa nini bibi yako, ambaye hata misiba ya jirani huichagua, amekaa mkekani hadi alasiri katika msiba wa mtu ambaye jina lake halijapata kutajwa nyumbani kwetu. Sikukujibu kwa sababu tulikuwa barabarani. Jibu lenyewe ndilo hili. Marehemu yule aliitwa Festo, na alipokuwa kijana alikuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hapa Ujiji. Kwa mwaka mmoja alipanga chumba kwa Mama Mkubwa wangu Tausi, dada wa mama yangu, nami nilikuwa humo humo nyumbani. Ulikuwa mwaka ambao sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, na mafuta ya taa kwa kujuana. Mwaka ule ndio ulionifanya niwe hivi unavyoniona, mwanamke asiyecheka ovyo.

Alikuja na sanduku la bati, baiskeli na jiko la mafuta. Kwao ni Singida, kwenye uwele na ng'ombe, na mkewe alikuwa mwalimu aliyebaki huko akingoja uhamisho. Mama Mkubwa alimpa chumba cha uani kilichopakana na changu, ukuta wa udongo kati yetu. Mimi nilikuwa mjane, bado msichana tu. Mume wangu wa kwanza, Bakari, alikuwa amefariki kwa homa, na baada ya eda nilirudi kwa Mama Mkubwa pamoja na mwanangu Sudi. Siku ya kuondoka, shemeji yangu Ramadhani, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kule Sigunga, alisema mbele ya wazee kwamba mahari ilitolewa yote na mtoto ni wa ukoo wao. Lakini kwa kuwa bado mdogo, akae kwa mama yake mpaka meno ya utoto yaanze kung'oka. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na wazee waliitikia kwa vichwa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilipomnawisha uso Sudi, nilimfungua kinywa na kuyabonyeza meno yake kwa kidole kuona kama yako imara. Yeye alidhani ni sehemu ya kunawa.

Mama Mkubwa alikuwa mwanamke wa mipango. Usiku wa kwanza wa mpangaji wetu hata haujaisha vizuri alikwisha kupanga. Aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwajuma, Mungu ametuletea mahakama uani. Wewe pika." Kwake yeye, na kwa watu wengi wa hapa, mtu akikwisha kula nyumbani kwako hawezi tena kuinuka akakutendea ubaya, chakula kinamshika mkono. Aliniapiza nisimwambie hakimu lolote kuhusu Ramadhani. Ale kwanza, alisema, ale mpaka awe mwenyeji, kesi itamkuta ni mtu wetu.

Tatizo lilikuwa moja: hakimu hakula. Nilimpelekea wali, akashukuru, akaurudisha. Nilimpelekea chapati siku ya Ijumaa, akashukuru, akasema ameshiba. Alijipikia ugali wake wa mtama kwenye lile jiko, peke yake, mlango wazi. Mtaani walimsema. Msibani alifika, alisimama nyuma mpaka maiti akazikwa, na chakula kilipoanza kutengwa alikuwa tayari ameshapanda baiskeli. Vijana wa kijiweni walituuliza kama hakimu wetu anaogopa wali, au anafikiri umepikwa na mshitakiwa. Mama Mkubwa aliwajibu kwamba yeye angalau hali vya watu, si kama wao. Lakini ndani alikuwa amekasirika kuliko wao. Mpangaji asiyekula alikuwa kwake sawa na paa linalovuja.

Mafuta ya taa ndiyo yaliyotusaidia, au tuseme kukosekana kwake. Yaliisha Ujiji, yakaisha Mwanga, yakaisha hata kwa wenye kujuana. Jiko la hakimu likapoa. Tukamwona akitafuna karanga asubuhi na karanga jioni, shati likimlegea mabegani. Mama Mkubwa hakunituma mimi safari ile, alimtuma Sudi. Mtoto akaenda akasimama mlangoni akasema, "Baba, chakula tayari, na mimi sina wa kula naye."

Hilo la mwisho hakufundishwa. Lilikuwa kweli. Unajua desturi ya nyumba zetu: wanaume hula mkeka wao, wanawake mkeka wao. Katika nyumba ile hapakuwa na mwanamume ila mtoto yule, kwa hiyo tangu tuhamie alikuwa akila peke yake barazani kama sultani mdogo, akituangalia sisi tulivyokuwa tukila na kusogoa jikoni. Hakimu alimtazama kwa muda, akaweka karanga zake chini, akaja. Tulitenga sinia moja, ugali wa muhogo na migebuka ya kuchemsha katika mawese. Mtu wa Singida hakujua samaki mwenye mifupa; alimega kama anavyomega nyama. Nikamsikia Sudi, kwa sauti ya mwalimu, "Si hivyo, Hakimu. Mshike kichwa, vuta mgongo wote utoke. Ukipaliwa ukafa, bibi atafungwa." Hakimu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na Mama Mkubwa, jikoni, alinifinya paja kwa furaha.

Tangu siku ile alikula kwetu. Alitaka kulipia, Mama Mkubwa akaona ni matusi, akamwambia yeye si mama lishe. Wali wa Ijumaa, maharage, ndagala wa kukaanga, muhogo wa kuchoma mvua ilipokuja: vyote viliwekwa kati ya mtu yule na mtoto yule, nao wakavimaliza pamoja wakizungumza. Sudi alimweleza habari za wavuvi wanaopumzika mwezi ukiwa mkubwa. Hakimu alimweleza habari za mahakamani, zile zinazofaa mtoto. Ndivyo nilivyojua kazi ya hakimu, Rehema, mimi nisiyejua herufi: kwa kusikia mazungumzo ya mtu mzima na mtoto wa miaka sita wakigombania kichwa cha samaki.

Alimweleza kwamba hakimu hakai peke yake, anakaa na wazee wa baraza wawili, watu wa kawaida wa mtaani. "Nikisema ndiyo na wao wote wawili wakisema hapana, basi ni hapana," alimwambia. Sudi akauliza, basi wewe wa kazi gani? Hakimu akafikiri, akasema kazi yake ni kuuliza. Jumamosi asubuhi, mahakama ikiwa imefungwa, alikuwa akisoma hukumu zake kwa sauti chumbani kabla ya kwenda kuzisoma mbele ya watu. Alisema hukumu isiyoeleweka na anayeshindwa ni kama haijatolewa. Nilikuwa nikichambua mchele upande wangu wa ukuta na kusikiliza. Nilisikia shauri la mpaka wa michikichi, ambapo alikwenda mwenyewe pamoja na wazee, akashika mti kwa mti, akarudi na matope hadi magotini. Nilisikia la mume aliyevunja vyungu vya mkewe. Na nilisikia moja ambalo mkono wangu ulisimama juu ya ungo: mama na baba waligombania mtoto wa kike. Alisoma kwamba mahakama iliuliza ni nani humwamsha mtoto huyu, ni nani alimpeleka zahanati alipougua, analala upande gani wa kitanda na kwa nini. Alisoma kwamba mahakama ilimuuliza na mtoto mwenyewe. Kisha akasoma kwamba mtoto abaki kwa mama yake.

Nilikwenda jikoni nikaketi juu ya kinu. Mama Mkubwa akaniuliza kuna nini, nikamwambia nilichosikia. Akasema, "Sasa ongeza nyama." Nami niliongeza. Niwe mkweli nawe: mwaka ule, kati ya masika na kiangazi, nilikuwa mwanamke mwenye raha. Niliamini kwamba yale maswali, siku yangu ikifika, nitaulizwa mimi, na niliyajua majibu yote.

Jino la kwanza la Sudi liling'oka pale pale mkekani, katika muhogo wa kuchoma. Akalitema kiganjani mwa hakimu. Hakimu akamsifu, akatuita tuje tuone. Tulikuja, tukasimama tukilitazama. Hakimu alitutazama mmoja mmoja, mimi na Mama Mkubwa, akashangaa kwamba jino la mtoto limetutia msiba. Hapo ndipo tungemwambia. Alikuwa amelishika jino mkononi, anatuuliza kwa macho. Mama Mkubwa akasema tu kwamba chai itapoa.

Ramadhani alikuja baada ya mfungo, na mashua ya Sigunga. Alikuja kwa heshima, na ndoo ya ndagala. Alimsabahi Mama Mkubwa kwa Kiha, "Mwakeye, Mama," akaketi, akaeleza kwamba amekuja kumchukua mwana wa kaka yake kama ilivyosemwa. Mama Mkubwa akamjibu kwamba maneno ya msibani husemwa na watu waliochanganyikiwa, na kama anataka mtoto aende mahakamani. Alilisema neno mahakamani akiangalia mlango wa chumba cha uani. Ramadhani hakubishana. Aliinuka, akampapasa Sudi kichwa, akaenda kufungua shauri.

Samansi ililetwa kwangu na mhudumu wa mahakama. Mchana ule hakimu alirudi mapema kuliko siku zote. Sudi alikuwa ameshanawa, amekaa mkekani, sinia limetengwa. Hakimu hakuketi. Alisimama uani na kofia mkononi, akamuuliza Mama Mkubwa, "Mama, mlijua?"

"Tulijua nini, baba?"

"Kwamba shauri hili linakuja kwangu. Tangu mwanzo mlijua?"

Mama Mkubwa akamwambia kwamba Mungu ndiye aliyejua, na ndiyo maana alimleta. Hakimu alitazama lile sinia, akamtazama mtoto aliyekuwa akimngoja. Akasema, taratibu, kwamba hatakula. Akaingia chumbani. Sudi alikaa pale mpaka ugali ukaota ngozi, kisha akala peke yake, akigawa samaki katikati na kuacha nusu.

Siku ya kesi nilivaa kanga mpya. Mahakama ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi, dirisha la waya, na meza ndefu waliyokaa hakimu katikati na wazee wa baraza pembeni. Ramadhani aliitwa, nikaitwa. Niliyapanga majibu yangu kichwani: mimi ndiye humwamsha, mimi nilimpeleka zahanati, hulala upande wa ukutani kwa sababu anaogopa mlango. Hakimu hakuuliza swali hata moja. Alisema mahakama inawajulisha wadaawa kwamba yeye ameishi katika nyumba ya mdaiwa na kula chakula chake, kwa hiyo anajitoa, na shauri litasikilizwa na hakimu mwingine. Ramadhani akainua mkono. Akasema, "Mheshimiwa, mimi sina pingamizi. Habari zako nimeziuliza hadi sokoni Katonga. Nimeambiwa husemi uongo. Hukumu wewe tu."

Umesikia hilo, Rehema? Mtu aliyekuja kuninyang'anya mwana ndiye aliyemwomba abaki. Nami nikafikiri, sasa hakimu hana sababu ya kujitoa. Hakimu akamshukuru na kusema kwamba ameshaamua kujitoa. Hapo nilisimama bila kuruhusiwa, nikamuuliza kosa letu ni nini, ni kumlisha? Alinitazama kama mtu anayetazama jua. Akasema, "Hakuna kosa, mama. Keti." Katika mwaka mzima hakuwahi kuniita mama, aliniita Mama Sudi.

Alihama siku ile ile. Alipita jikoni kuaga. Nilikuwa nachekecha unga, sikuinua kichwa, na alipomaliza kusema niliendelea kuchekecha unga uliokwisha kuchekechwa. Hakimu mwingine alikuja baada ya muda, mtu mzima mwenye haraka na mashauri mengi. Simlaumu. Aliuliza kama mahari ilitolewa yote, nikasema ndiyo. Aliuliza kama wazee walikubaliana mbele yangu, nikasema ndiyo. Wazee wa baraza wakasema mtoto ni wa ukoo. Nilingoja niulizwe anaogopa nini, sikuulizwa. Asubuhi iliyofuata Sudi alipanda mashua ya Sigunga akiwa amebeba viatu mkononi ili visilowe. Usiandike kwamba nililia. Nilirudi nyumbani nikafua nguo zake zilizobaki, ambazo hazikuwa chafu.

Yaliyofuata unayajua. Niliolewa na babu yako, nikamzaa mama yako na ndugu zake. Ramadhani alimlea Sudi vizuri, alimsomesha, alimwozesha, na siku za sikukuu alimleta kunisalimu. Mjomba wako huja hadi leo na mfuko wa ndagala, huketi kiti cha karibu na mlango, huuliza afya yangu, hunywa nusu kikombe, huondoka. Hana kosa. Hajui tu akae wapi katika nyumba hii. Mama Mkubwa alikufa akisema kwamba mtu wa Singida alikula akasahau. Na yule hakimu, baada ya kuzunguka wilaya za watu, alistaafu akarudi kujenga Katubuka, kwa kuwa mkewe alilipenda ziwa. Nikawa nakutana naye sokoni Mwanga. Kila mara alivua kofia, "Mama Sudi, habari za siku." Kila mara nilipita. Miaka imepita namna hiyo, Rehema, mtu anavua kofia na mimi napita, hata wauza nyanya walizoea.

Sasa sikiliza la msibani. Uliponiacha ukaenda kusaidia kuosha vyombo, mjomba wako Sudi alikuja akaketi kando yangu. Nilishangaa kumwona, nikamuuliza anamjuaje marehemu. Akasema alikuwa akimtembelea. Mwaka juzi, yeye Sudi alipopata mjukuu wake wa kwanza, alikwenda kwa mzee yule akamuuliza swali alilokuwa nalo tangu utoto: kama asingejitoa, angeamuaje.

"Alikujibu?"

"Alinijibu, Mama. Alisema samansi ilipofika mezani kwake, kabla hajasoma jina la baba mdogo mpaka mwisho, moyoni alikuwa ameshaniacha kwako. Hakuwa amesikia neno la mtu yeyote. Akasema mtu aliyekwisha kuamua hana haki ya kukaa pale akajifanya anasikiliza."

Nilimuuliza kwa nini mzee yule hakuniambia mimi. Sudi akaangalia watu waliokuwa wakishusha mabenchi. "Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema alikuwa anakungoja uitikie salamu."

Tangu siku ile silali vizuri, na si kwa sababu ya uzee. Miaka yote nilijua kwamba mtu yule hakutupenda vya kutosha kutusaidia. Kumbe tungemwacha na jiko lake lililopoa, tungemwambia habari yetu siku ya kwanza, angetafuta chumba kwingine, angekuja mahakamani mgeni, angeuliza maswali yake. Labda mwanangu angebaki. Labda pia wazee wale wawili wangemshinda kwa wingi wao, nisingepata kitu. Sijui, na aliyeweza kunipa hata nusu ya jibu nimekwenda kumtupia udongo. Nikijaribu kumkasirikia Mama Mkubwa nashindwa, kwa sababu alitenda kwa upendo na kwa namna aliyoijua. Nikijaribu kumkasirikia hakimu, nashindwa sasa, na hasira ile ilikuwa fimbo yangu ya kutembelea.

Basi, haya ndiyo ya kutunza. Karatasi hizi usizisahihishe ukamfanya hakimu malaika wala Ramadhani jambazi. Ramadhani alitimiza neno lililosemwa mbele ya watu. Mke wa hakimu yu hai. Uwe unakwenda kumwamkia kila mwezi, mpelekee unga na mawese, ukiulizwa umetumwa na nani useme na bibi. Na la mwisho, lishike kuliko yote. Siku yangu ikifika, mtu asianze kuchimba kaburi kabla Sudi hajapewa habari, hata kama ziwa limechafuka na mashua zinachelewa. Ningojeni. Wajomba zako wengine watasema yeye alilelewa kwingine, watataka kutangulia. Wewe utasimama mbele yao, na karatasi hizi mkononi ukipenda, useme nimeamua mimi mwenyewe: wa kwanza kushuka kaburini kunipokea ni Sudi, mwanangu wa kwanza, na asiulizwe na mtu kwa nini.